Nguo kwanza, mafuta baadaye: kujikinga na saratani ya ngozi Arusha na Moshi, na kuiwahi inapoanza

Saratani ya ngozi huku kwetu kaskazini huja kwa njia mbili, na kila njia ina watu wake. Ya kwanza ni jua. Anayeumizwa nalo kuliko wote ni mtu mwenye ualbino, kwa kuwa ngozi yake ina kidogo mno, au haina kabisa, ile rangi ya melanini inayonyonya miale kabla haijaharibu seli. Ya pili haihitaji jua. Huanzia kwenye kovu la moto, kwenye kidonda ndugu cha mguuni, kwenye unyayo au chini ya ukucha, na humpata mtu mweusi tii ambaye hajawahi kuwaza habari za losheni ya jua. Mwongozo huu ni wa wote wawili.

Kuna jambo linalowaunganisha. Saratani hizi huota juu ya mwili, mahali jicho linapofika na kidole kinapogusa. Kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi hukatwa kwa ganzi ya sindano na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kidonda hichohicho kikiachwa mwaka mzima kinaweza kula sikio na kushuka kwenye tezi za shingo, na hapo matibabu yanakuwa marefu, ya gharama na yasiyo na uhakika.

Jua la huku, na jinsi baridi inavyodanganya

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini ni kati ya mita 800 na 900. Zote ziko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Miale inayoharibu ngozi ni ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye programu za hali ya hewa za simu, na huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Anayeishi Marangu au Ngaramtoni akiwa na sweta anapigwa na miale mikali kuliko aliye Kahe anayetokwa jasho. Joto ni kitu kimoja na miale ni kitu kingine, na ngozi huhisi joto tu.

Kwa sababu hiyo Juni hadi Agosti ni miezi ya kuwaangalia sana watoto wenye ualbino. Wingu limetanda, mlima hauonekani siku nzima, mzazi anaona leo hakuna jua, na kofia inabaki msumarini. Wingu jepesi linaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo. Mtoto anarudi jioni mashavu yamekuwa mekundu, nyumbani wanasema amechapwa na baridi, na kesho anatoka vilevile.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kivuli chako. Simama wima mahali pa wazi. Kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali, na mtu mwenye ualbino hapaswi kuwa nje bila kujifunika. Kwa Arusha na Moshi hali hiyo huanza karibu saa tatu na nusu asubuhi na kuisha karibu saa tisa na nusu alasiri. Jua huwa juu kabisa kama saa sita na nusu mchana. Ongeza nusu saa kila upande. Kufua, kupalilia, kuanika mahindi na kwenda sokoni kufanyike mapema au baada ya saa kumi jioni. Siku ya wingu hakuna kivuli cha kupima, kwa hiyo fuata saa.

Safarini napo kuna hesabu yake. Kioo cha gari huzuia sehemu kubwa ya miale inayobabua lakini hupitisha ile inayopenya ndani zaidi, na dirisha likifunguliwa kinga yote imeondoka. Ukitoka Moshi kwenda Arusha mchana wa Juni au Julai, jua liko kaskazini, basi kaa upande wa kushoto wa hiace. Desemba na Januari liko kusini, kaa kulia. Ukirudi, geuza.

Anza kwa fundi cherehani

Wengi wakisikia habari hizi huulizia losheni kwanza. Sisi tunashauri uanze kwa nguo. Losheni hutoka kwa jasho, huisha, na huhitaji mtu akumbuke. Shati likiwa mwilini linakinga tangu unapolivaa hadi unapolivua, na hudumu miaka.

Ukiwa mitumbani, iwe Memorial, Kilombero au Tengeru siku ya gulio, usihangaike na lebo. Ingiza mkono ndani ya shati uliinue kuelekea mwanga wa mchana. Ukiweza kuhesabu vidole vyako kupitia kitambaa, lirudishe. Kitambaa kinachofaa kimefumwa kwa kubana: jinzi, kaki, kitambaa cha ovaroli, kitenge kizito. Rangi iliyokolea hunyonya miale kuliko nyeupe. Fulana nyeupe ya pamba ni kinga dhaifu, na ikilowa jasho au mvua hudhoofika zaidi. Kanga iliyofuliwa miaka mitatu imeshakuwa kama chujio. Nguo ya kubana mwili nayo haifai, maana kitambaa kikivutika matundu yake hufunguka. Chukua saizi moja juu ya yako, hewa ipite.

Kisha mpelekee fundi. Mwambie akuwekee kola inayosimama hadi chini ya masikio, mikono ifike kwenye vifundo na ifungwe kwa kifungo, na aongeze kipande kinachofunika mgongo wa kiganja chenye tundu la kupitishia kidole gumba. Kipande hicho ni cha muhimu kuliko kinavyoonekana. Mgongo wa kiganja huwa juani muda wote mtu anaposhika jembe, usukani au mwavuli, na ndiyo sehemu inayonawishwa losheni kila baada ya chakula.

Miguuni, ndala na yeboyebo huacha juu ya mguu wazi. Soksi na viatu vya kufunika ndivyo vinavyofaa kwa mwenye ualbino.

Sasa kofia. Tazama kwa karibu sikio la mtu mzima mwenye ualbino aliyevaa kapelo tangu shuleni. Paji la uso ni laini. Kwenye ukingo wa juu wa sikio, pale kapelo isipofika, kuna kigaga kidogo cha rangi ya njano, kavu, kimeng'ang'ania kama nta ya mshumaa. Akikibandua kinaacha doa jekundu lenye tone la damu, na baada ya siku chache kimerudi palepale. Shingoni nyuma ngozi imekuwa nene na yenye mikunjo kama ngozi ya kiatu cha zamani. Hayo yote yameletwa na kapelo, maana hufunika paji na pua kidogo, ikaacha masikio na kisogo.

Kofia inayofaa ina ukingo wa sentimita 8 hadi 10 kuzunguka kichwa chote. Pima kwa rula ya shule. Kofia za ukindu na za majani ni nzuri kama zimesukwa kwa kubana. Ukiivaa ukaona vitone vya mwanga usoni kwenye kioo, mpe fundi aweke bitana ndani ya ukingo. Bitana iwe ya rangi ya giza, kwa sababu nyeupe hurudisha usoni mwanga unaotoka ardhini. Kamba ya kufunga kidevuni ni lazima kwa mtoto anayecheza na kwa anayepanda bodaboda. Mwavuli unasaidia lakini hauondoi haja ya kofia, kwani miale huruka pia kutoka kwenye vumbi jeupe, sakafu ya saruji na mabati.

Miwani ya jua iwe imeandikwa UV400. Miwani nyeusi isiyo na kinga inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kabisa: giza lake huifanya mboni ya jicho ipanuke na kuingiza miale mingi zaidi.

Mwalimu, haya yanakuhusu. Mtoto mwenye ualbino aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ya shule ni mikono mifupi. Kwenye paredi asimame kivulini. Kazi za nje apangiwe za ndani, na michezo awe kwenye zamu ya jioni. Darasani akae mbele kwa ajili ya macho yake, lakini asiwekwe dirishani jua linapoingia. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji bajeti.

Losheni: kiasi gani, wapi, na inakosewa wapi

Baada ya nguo, kinachobaki wazi ni uso, masikio, shingo na migongo ya viganja. Hapo ndipo losheni inapofanya kazi. Chagua yenye namba ya kinga, inayoandikwa SPF, ya 30 au zaidi, na inayotaja kukinga miale yote miwili, UVA (ile inayopenya ndani) na UVB (ile inayobabua). SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayobabua na SPF 50 takriban asilimia 98. Tofauti ni ndogo. Kinachotofautisha mtu na mtu ni kiasi anachopaka.

Kiasi hupimwa kwa kijiko cha chai, mililita 5. Uso, masikio na shingo: kijiko kimoja. Mkono mmoja wote: kijiko kimoja. Mguu mmoja: viwili. Kifua na mgongo: viwili. Jumla ni vijiko 9, yaani mililita 45 kwa mwili mzima, kwa hiyo chupa ya mililita 100 haifiki mara tatu. Ukiwa umevaa shati refu, suruali na kofia, unahitaji kijiko kimoja na nusu tu kwa mara moja, na chupa hiyohiyo inafika mara 13. Familia inayobana matumizi na iangalie hapo: shati la mitumba ndilo linaloifanya losheni iweze kununulika.

Paka dakika 20 hivi kabla ya kutoka. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na mara tu baada ya kunawa, kuoga au kutokwa jasho jingi. Usiisugue hadi ipotee kabisa, itandaze. Anayepaka nusu ya kiasi amepoteza angalau nusu ya kinga iliyoandikwa kwenye chupa, ndiyo maana mtu husema "nimepaka na bado nimeungua."

Sehemu zinazosahaulika ni zilezile kila siku: ukingo wa sikio na nyuma yake, mstari wa nywele, kisogo, chini ya kidevu, na mdomo wa chini. Mdomo wa chini umeelekea juu kama kibaraza, hupokea jua la mchana wote, na saratani hupenda kuanzia hapo. Tafuta mafuta ya midomo yenye SPF. Mafuta ya kawaida ya midomo hulainisha tu.

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita usitegemee losheni. Mweke kivulini na mfunike.

Vaselini, mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti na liwa havikingi jua kwa kiwango cha kutegemewa. Vitumie usiku kulainisha ngozi ukipenda. Losheni itunzwe mahali pa baridi, mbali na dirisha na kiti cha gari, joto huiharibu. Ikijitenga maji na mafuta, au ikibadilika harufu, itupe. Angalia tarehe ya mwisho kabla ya kulipa.

Ipo losheni inayotengenezwa hapahapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Inaitwa Kilisun, na hugawiwa bila malipo kupitia kliniki za ngozi, zikiwemo kliniki tembezi. Ili uipate, andikishwa kliniki. Kuandikishwa kuna faida nyingine kubwa kuliko chupa yenyewe: kila unapofuata losheni, mtaalamu anakukagua ngozi.

Mkorogo ni habari tofauti lakini hatuwezi kuuruka. Anayejichubua huondoa kwa fedha yake ile kinga ambayo mwenye ualbino aliikosa kwa kuzaliwa. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini. Zile zenye dawa kali za steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikachanika kwa kuguswa tu na kupona kwa taabu. Ukiwa umezitumia muda mrefu, usiache ghafla bila ushauri, maana ngozi huweza kuumuka na kuwaka. Nenda kliniki ya ngozi wakupunguzie taratibu.

Kwa wagumu, yaani wabeba mizigo, na waongozaji wa mlimani neno moja: theluji huakisi hadi asilimia 80 ya miale, na inakupiga kutoka chini. Paka chini ya pua, chini ya kidevu na midomo, na usivue miwani.

Ukaguzi wa kila mwezi

Chagua siku isiyosahaulika, kama Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya kuoga. Unahitaji mwanga wa mchana, kioo kikubwa, kioo kidogo cha mkononi, rula na simu yenye kamera. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, kwa hiyo kwao mkaguzi awe mtu mwingine: mama, mume, mke, dada, kaka. Asiye na mtu nyumbani amwombe msusi au kinyozi amtazame kichwani. Wao huona utosi wa mtu kuliko daktari yeyote.

Vua nguo. Tumia macho na ncha za vidole kwa pamoja, kwa sababu dalili ya mwanzo kabisa huhisiwa kabla haijaonekana: sehemu ndogo inayokwaruza kama msasa, ambayo losheni hailainishi. Anza kichwani, ukigawa nywele mstari kwa mstari. Shuka kwenye paji, kope, pua na pembe zake. Pinda sikio mbele, tazama nyuma yake. Vuta mdomo wa chini, tazama ndani na nje. Shingo, mabega, mikono, katikati ya vidole, viganja. Mgongo kwa vioo viwili au kwa macho ya mwenzako. Makalio, sehemu za siri, mapaja, magoti. Kisha kaa chini, tazama nyayo na katikati ya kila kidole cha mguu.

Kucha zitazamwe zikiwa wazi. Ondoa rangi. Kina mama wanaopaka hina, kagueni nyayo na kucha kabla ya kupaka, kwa sababu hina hufunika kila kitu kwa wiki kadhaa.

Ukiona kitu, weka rula kando yake upige picha, ya karibu na ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili. Andika tarehe. Mwezi ujao piga tena kwa umbali uleule. Picha mbili zilizo na rula humsaidia daktari kuliko maelezo ya "kilikuwa kidogo."

Unachotafuta

Kwa mwenye ualbino, baka la msasa ni onyo la mapema na lina tiba nyepesi: hugandishwa kwa naitrojeni ya maji au hupakwa krimu maalumu ya hospitali. Hatua inayofuata ni kigaga kinachorudi, au uvimbe mgumu wenye gamba katikati, au kidonda kinachotoa damu kwa kuguswa na taulo. Wakati mwingine huota kitu kigumu kama pembe ndogo. Kinundu kinachong'aa kama lulu, chenye mishipa myembamba ya damu juu yake, nacho ni cha kupelekwa, hata kama hakiumi. Maumivu si kipimo. Saratani nyingi za ngozi haziumi mwanzoni, na hapo ndipo watu hupoteza mwaka.

Kwa ngozi nyeusi, anza na kovu. Aliyeungua moto utotoni, aliyeanguka jikoni kwa kifafa, aliyechomwa na ekzosi ya pikipiki kidonda kikawa kinafunga na kufunguka: kovu la namna hiyo linaweza kugeuka saratani, mara nyingi baada ya miaka mingi sana. Dalili ni kovu tulivu linalofunguka lenyewe, kidonda kinachoinua kingo, nyama inayoota kama koliflawa, harufu mpya au damu. Kidonda ndugu kilichozoeleka nyumbani ni hatari kwa sababu hiyohiyo ya kuzoeleka. Bibi amekifunga kitambaa tangu wajukuu hawajazaliwa, na hakuna anayeuliza tena kinaendeleaje.

Kwenye unyayo, kiganja na kucha hutokea melanoma, saratani yenye haraka kuliko hizo nyingine. Doa jeusi au la kahawia unyayoni lipimwe hivi: je, nusu yake moja haifanani na nyingine? Kingo zake zimechongeka ovyo? Lina rangi zaidi ya moja? Limevuka milimita 6? Limebadilika tangu picha ya mwezi uliopita? Jibu la "ndiyo" kwa swali la mwisho pekee linatosha kukupeleka hospitali. Kwa mwenye ualbino melanoma inaweza isiwe nyeusi kabisa. Huja kama kinundu cha waridi.

Mistari ya giza kwenye kucha huwachanganya wengi. Mtu mweusi kuwa na mistari myembamba kwenye kucha kadhaa ni kawaida. Cha kutilia shaka ni mstari mpya kwenye ukucha mmoja, hasa wa kidole gumba au kidole kikubwa cha mguu, unaopanuka, wenye zaidi ya milimita 3, au ambao weusi wake umevuja kwenye ngozi inayozunguka ukucha. Ukigonga kidole ukapata damu chini ya ukucha, weusi husogea mbele pamoja na ukucha unavyokua. Mguuni huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuisha. Weka alama kwenye picha. Weusi usiosogea haukuletwa na jiwe. Bob Marley alifariki 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, na mwanzoni ilichukuliwa kuwa jeraha la mpira.

Mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau au kahawia iliyoiva, visivyouma, miguuni, usoni au kwenye kaakaa la kinywa, huweza kuwa saratani ya Kaposi. Hii mara nyingi huenda na VVU. Pima, na kama ni hivyo, dawa za ARV zenyewe ni sehemu kubwa ya tiba.

Wiki nne, kisha hospitali

Kidonda, kigaga au uvimbe ambao haujapona kwa wiki nne upelekwe kwa mtaalamu. Zikiwa kwenye sikio, mdomo au jicho la mtu mwenye ualbino, tusingesubiri hata hizo nne. Katika kipindi hicho osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, basi. Usipake unga wa betri, majivu, magome yanayochoma wala dawa ya rangi ya zambarau. Vyote huficha kingo za kidonda na kumfanya daktari ashindwe kuona kilichopo. Usikubali pia kubadilishiwa vidonge vya antibayotiki mwezi baada ya mwezi. Kidonda kilichokataa dozi moja kamili kinahitaji kipimo.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na omba barua ya rufaa. Moshi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi, na KCMC, ambako kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992. Arusha kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Beba barua, kadi ya bima kama unayo, picha zako zenye tarehe, na majina ya kila dawa uliyopaka, hata ya kienyeji. Usione aibu kuitaja, maana inabadilisha jinsi kidonda kinavyoonekana.

Kinachofanyika ni kuchoma ganzi, kukata kipande kidogo au uvimbe wote, na kushona. Watu huogopa kwamba saratani ikiguswa kisu inasambaa. Haisambai kwa kupimwa. Husambaa kwa kuachwa. Hakikisha mambo matatu kabla hujaondoka. Kwanza, kipande kilichokatwa kinapelekwa maabara, hakitupwi. Uliza waziwazi. Pili, uandikiwe namba ya sampuli na tarehe ya kurudi, na namba yako ya simu iliyoandikwa kwenye faili iwe ile inayopatikana. Tatu, majibu yakitoka, uliza swali hili kwa maneno haya: "Kingo ni safi?" Maana yake, je, saratani yote imetoka au imebaki pembeni? Zikiwa si safi, unarudi kukatwa tena, hata kama kidonda cha juu kimefunga vizuri.

Tezi zilizovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena zitajwe siku ya kwanza. Wanaohitaji mionzi huweza kupewa rufaa hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Waulize ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu nauli na mahali pa kufikia kabla ya kuamua kuwa haiwezekani.

Aliyewahi kupata saratani moja ya ngozi ana nafasi kubwa ya kupata nyingine, mahali pengine. Kwa miaka miwili ya mwanzo hurudi kliniki kila miezi mitatu hadi sita, kadiri atakavyopangiwa, na nyumbani ukaguzi wa Jumapili unaendelea. Kwenye kovu la mshono pitisha kidole kila mara: linapaswa kuwa laini na la kulala. Ukihisi chembe ngumu kama punje ya mchanga chini yake, au ule mkwaruzo wa msasa ukirudi kandokando, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.